Chora Kwanza, Tafuta Baadaye

Wanafunzi wangu wa uchoraji hawachoki kuniuliza: nichore nini, ikiwa kila ninachokiwaza tayari kipo mtandaoni? Mtu analala na wazo, anaamka, anafungua simu, anakuta kijana wa São Paulo alishalichora mwaka juzi, tena vizuri kuliko alivyolikusudia yeye. Wengine huweka brashi chini papo hapo. Wengine huendelea, ila huku wakijiona wezi.

Wasiwasi huo una msingi, lakini naona umeelekezwa pasipo pake. Kuona kazi za wenzake hakujamharibu msanii yeyote ninayemjua. Kinachoharibu ni saa anayoziona.

Shuka Kimbo, kwenye barabara ya Thika, uangalie kazi za mikono zilizo ukutani: vinyozi, saluni, bucha, wauza spea. Mteja siku hizi haji na maelezo, anakuja na simu. "Fundi, nataka kama hii." Picha ni ya kinyozi cha Atlanta au Lagos, imeokotwa Pinterest na kupitishwa WhatsApp mara kadhaa mpaka imechujuka. Fundi anapanda ngazi, ananakili, analipwa. Kisha usiku anajiuliza kama yeye ni msanii au ni mashine ya fotokopi yenye miguu.

Sasa tazama alichokifanya kwa kweli. Picha ya simu imesimama wima, ilhali kibanda kimelala kwa upana, kwa hiyo lazima aamue nini kikatwe na nini kiongezwe pembeni. Ukuta ni mabati, na mabati yana migongo na mabonde. Mstari ulionyooka kwenye karatasi huvunjika hapo mtu akiutazama kwa upande, na abiria wa matatu huutazama kwa upande siku zote. Basi fundi anapanua pua kidogo, anasogeza jicho lisiangukie kichwa cha msumari, anaikuza miraba ya chaki kuelekea juu ili uso usionekane mfupi kwa anayepita chini. Vivuli ishirini vya kwenye picha anavipunguza hadi vinne au vitano, kwa sababu rangi ya mafuta ikikawia kukauka vumbi la barabara hulala juu yake. Ngozi iliyopigwa taa za studio, yenye ubuluu, anaichanganya upya: ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, manjano kidogo, tone la nyeusi. Anaposhuka ngazi, jamaa aliye ukutani hafanani tena na mtu wa Atlanta. Anafanana na mtu unayeweza kugombania naye kiti asubuhi pale Ruiru.

Sheria inaitambua kazi ya namna hii kuliko wasanii wenyewe wanavyoitambua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 22, inataka kazi iwe imetumiwa juhudi za kutosha kuipa sura ya uasilia, na iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika. Haidai kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuwaza jambo hilo. Sharti la upya wa aina hiyo ni la hataza, yaani uvumbuzi wa mitambo na dawa. Lakini msomaji asichanganye mambo mawili. Mchoro wako unaweza kuwa na uasilia wake na bado ukawa umemkosea mpiga picha ambaye hukumwomba ruhusa. Kuomba ruhusa ni shauri moja, uasilia ni lingine, na mijadala mingi ya wasanii huharibika kwa kuyafunga pamoja.

Wazee wa pwani walikuwa wameshalimaliza jambo hili zamani sana kabla ya intaneti. Mshairi aliyetaka kutunga takhmisa alichukua shairi la mwenzake waziwazi, akaongeza mishororo mitatu kwa kila miwili ya mwenyewe. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule wa Al-Inkishafi, aliyafanyia hivyo mashairi ya Liyongo, na hakuna aliyemwita mwizi. Msikilizaji aliyajua maneno ya Liyongo tangu utotoni, na alichokuja kupima ni mitatu ile ya nyongeza. Dar es Salaam nako, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka yake ya kuchora ilikuwa michache mno. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima kwa sababu ndugu na wanafunzi wake walikaa kando yake wakanakili chui na ndege zake, mpaka kila mmoja akapata mkono wake.

Kwa hiyo kunakili si balaa lililoletwa na simu. Matatu za Nairobi za miaka ya 1990 zilijaa sura za wanamuziki wa Marekani zilizotolewa kwenye majalada ya kaseti na kurasa za magazeti. Kanuni za matatu za Waziri John Michuki za Februari 2004 zilipoleta mstari wa manjano, magari yalipauka kwa miaka. Michoro iliporudi kwa nguvu katika miaka ya 2010, mtandao ulikuwa umeshaingia mifukoni.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Jalada la kaseti lilimfikia fundi mmoja wa Dandora kwa bahati, na la mwenzake wa Thika lilikuwa jingine. Leo mafundi mia wakiandika neno lilelile kwenye kisanduku cha kutafutia, wote hupewa ukurasa wa kwanza unaokaribiana, kwa kuwa mtambo hupandisha juu kile ambacho wengi walishakibonyeza. Programu za kuchora zenyewe, kama Stable Diffusion iliyotoka mwaka 2022, zimefundishwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa mtandaoni. Picha hujazwa chenga kama za televisheni iliyopoteza mawimbi, na programu hufunzwa kuziondoa hatua kwa hatua. Ukiiagiza kinyozi, huanza na chenga tupu na kuzisafisha kuelekea vinyozi ilivyoonyeshwa zaidi, na kibanda cha mabati si miongoni mwao.

Na ukurasa huo wa kwanza haung'oki kichwani kirahisi. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kuhusu ubunifu. Katika mojawapo, wabunifu waliombwa wachore kikombe cha kahawa kisichomwagika. Baadhi yao walionyeshwa kwanza mfano wenye mrija na mdomo wa kunyonyea, wakaambiwa waziwazi wasivitumie. Wakavitumia, tena kuliko wale ambao hawakuonyeshwa mfano. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linawaondolea wasanii lawama ya uvivu. Watu wale walikatazwa, walisikia, walikuwa na nia njema, na mrija bado uliwatoka mkononi. Mwanamuziki George Harrison naye alikutwa na mahakama ya New York mwaka 1976 amechukua wimbo wa watu bila kufahamu, na wakati huo hakukuwa na mtandao wa kusingizia.

Ushauri wangu kwa hiyo ni wa utaratibu. Mteja akileta simu, itazame mara moja, uliza anachokipenda ndani yake (mara nyingi ni rangi tu, au ule mkato wa nywele), kisha mrudishie. Nenda kwenye ukuta wenyewe. Pima, chora rasimu mbili tatu kwa penseli, ukosee. Baada ya hapo fungua mtandao utakavyo, kwa sababu sasa unatafuta jibu la tatizo lako: mkono huu unashikaje mashine ya kunyolea, chuma hung'aaje juani. Ukikuta mwenzako alishawaza ulichowaza, una rasimu ya kulinganisha, na tofauti utaiona mwenyewe.

Mwanamuziki anayeitwa KMRU amekwenda mbali zaidi kwenye njia hii. Jina lake halisi ni Joseph Kamaru, sawa na babu yake, yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Kubeba jina kama hilo na kutaka kuwa wewe si jambo dogo. Mjukuu, aliyesoma muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta kandokando ya barabara hii hii ya Thika, alichukua kinasa sauti akaenda kurekodi mazingira, mpaka mivumo ya umeme ambayo sikio halisikii bila kifaa. Albamu yake ya Peel ya mwaka 2020 ilimfikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya. Nyimbo za babu hakuzikimbia pia, amekuwa akizitoa upya mtandaoni kwa jina la mzee.

Fundi wa Kimbo ataniambia, na ana haki, kwamba yeye halipwi kwa rasimu. Mwenye kinyozi anataka picha ileile kwa bei ileile kabla ya Jumamosi. Kwa kibanda sina jibu zuri, isipokuwa kutenganisha bei: kunakili bei hii, rasimu mpya bei ile, na mteja achague. Wenye nganya, zile matatu zilizopambwa, ni watu wengine. Kijana wa barabara ya Thika huacha matatu mbili zipite akisubiri ile mpya anayoitaka, na mwenye gari anajua fika kuwa mchoro unaofanana na wa jirani hauwezi kumvutia abiria huyo. Huyo ndiye wa kuombwa siku moja ya penseli, na malipo yake yaingizwe kwenye arbuni.