Karatasi ya Kifungu cha 209 Haifungui Kizuizi

Wachuuzi wa maembe wa Makueni huniuliza, wa ndengu wa Kitui nao hurudia, na sasa swali hili limenichosha: "Wakili, nimelipa sesi mjini Wote, risiti hii hapa. Mbona nikivuka mto Athi nadaiwa tena? Kwani Kenya si moja?" Ni moja. Lakini sesi ni tozo ya kila kaunti kwa mazao yanayosafirishwa; risiti ya Makueni ni ya Makueni, na anayekusimamisha ng'ambo anakusanya kwa Sheria ya Fedha iliyopitishwa na bunge la kaunti nyingine.

Kinachonikera zaidi ni ile karatasi. Madereva wanatembea na nakala ya Kifungu cha 209 cha Katiba, ibara ya tano imepigiwa mstari: kaunti isitoze kodi kwa namna inayodhuru uchumi unaovuka mipaka yake au kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Wanaamini kijana wa kaunti aliye kwenye kizuizi akiisoma tu, atainua chuma wapite. Hainui. Hajaajiriwa kutafsiri Katiba. Amepewa orodha ya viwango, na mpaka mahakama iifute, kwake hiyo ndiyo sheria. Mnabishana, maembe yanaiva kwenye lori.

Isitoshe, waliopiga nakala wameruka ibara ya nne. Ya kwanza inaiachia serikali kuu peke yake kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha. Ya tatu inazipa kaunti kodi ya ardhi na ya burudani, pamoja na nyingine ambayo Bunge litaidhinisha. Ya nne inaruhusu ngazi zote mbili kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Mlango wa sesi ni huo. Kaunti haitakwambia inakutoza kodi ya mpakani. Itasema ni ada ya soko, ya barabara, ya ukaguzi. Ukiuliza umelipa mara ngapi, umeshindwa kesi kabla ya kuifungua. Uliza: huduma gani, na ni nani aliyeitoa?

Kampuni ya madini ya Base Titanium waliuliza hivyo walipotozwa na Kaunti ya Mombasa kwa malori ya madini yao kutoka Kwale. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikawapa haki: barabara zile ni za serikali kuu, kaunti haiwezi kuzitoza. Lakini kampuni hiyo ilikuwa na mawakili na miaka ya kusubiri. Wewe una tani chache za ndengu.

Wamarekani walipita njia hii mapema. Chini ya mkataba wao wa kwanza, kila jimbo lilitoza forodha lipendavyo, na New York ilitoza hata kuni za Connecticut. Congress ilipoomba ushuru wake wa asilimia 5 kulipa madeni ya vita, Rhode Island ilikataa mwaka 1782. Katiba ya 1787 ikapiga marufuku forodha za majimbo, isipokuwa kiasi cha lazima kabisa kuendeshea ukaguzi, na, sehemu ninayoionea wivu, kinachobaki kiende hazina ya taifa. Walijua jina "ukaguzi" lingetumiwa vibaya, wakaiondoa faida yenyewe. Sisi tulizuia madhara, fedha tukaiachia kaunti.

Basi cha kufanya. Lipa kwa njia rasmi tu, usimpe mtu noti mkononi, na andika kwenye nakala yako kwamba umelipa kwa kupinga. Dai jina la huduma. Itafute Sheria ya Fedha ya mwaka huu ya kaunti inayokutoza. Kama ada haimo, Kifungu cha 210 kinasema haitozwi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 120, inataka viwango vilingane na gharama ya huduma, kwa hiyo mwandikie waziri wa fedha wa kaunti akueleze gharama hiyo. Hudhuria vikao vya umma vya Mswada wa Fedha, ambavyo huwa nusu tupu. Wasilisha ombi bunge la kaunti. Ikishindikana, Kitui na Makueni zote zina Mahakama Kuu, lakini nendeni kama chama, kwa sababu faida ya lori moja la maembe hailipi wakili hata wa kusoma faili.