Akianguka uwanjani bila kuguswa, usidhani amechoka

PIERMARIO Morosini hakuwa nyota ambaye picha zake hubandikwa ukutani. Alikuwa kiungo wa kati, mchezaji wa jasho ambaye kila timu humhitaji ingawa mashabiki wa mbali hawamjui.

Alizaliwa Bergamo, kaskazini mwa Italia, mwaka wa 1986. Alifunzwa soka katika klabu ya Atalanta kabla ya kujiunga na Udinese. Kabla ya kufikisha umri wa miaka 18 alikuwa amewapoteza wazazi wote wawili. Baadaye maisha yake yakawa ya kuhamahama: Bologna, Vicenza, Reggina, Padova, Vicenza tena, na mwanzoni mwa 2012 akatua Livorno kwa mkopo. Timu hizo zote zilikuwa Serie B, ligi ya daraja la pili, alipozichezea.

Jumamosi, Aprili 14, 2012, Livorno walikuwa wageni wa Pescara na waliongoza kwa mabao 2-0. Katika dakika ya 31, Morosini alianguka bila kuguswa na yeyote. Alijaribu kuinuka, akaanguka tena. Alifariki siku hiyo akiwa na umri wa miaka 25. Mechi zote za wikendi hiyo nchini Italia ziliahirishwa, na Livorno wakaistaafisha jezi yake, nambari 25.

Je, moyo wa kijana mwenye nguvu kama huyo unawezaje kusimama ghafla?

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa ambao hufanya misuli ya moyo ife polepole, na mahali pake pakajaa mafuta na makovu. Makovu hayo huvuruga umeme unaouongoza moyo. Badala ya kupiga, moyo hutetemeka tu, na damu haifiki kwenye ubongo. Mara nyingi ugonjwa huu hurithiwa, na mazoezi makali huuchochea.

Tangu 1982, sheria ya Italia huwataka wanamichezo wa mashindano wapimwe, pamoja na kupimwa umeme wa moyo. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vilipungua kwa asilimia 89 kati ya 1979 na 2004. Hata hivyo, kama tulivyoona, hakuna kipimo kinachonasa kila ugonjwa.

Basi wewe unayecheza kila wikendi, au mwenye mtoto anayecheza, usipuuze dalili hizi: kuzirai wakati wa mazoezi, moyo kwenda mbio au kurukaruka bila sababu, maumivu ya kifua, na jamaa wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mwone daktari kabla ya kurudi uwanjani.

Mwenzako akianguka bila kugongwa na asijibu, chukulia kwamba moyo wake umesimama. Usimmwagie maji, wala usihadaike akikoroma au kutweta; huko si kupumua. Mtume mtu aite ambulensi na mwingine atafute mashine ya kuushtua moyo. Wewe piga magoti, weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, ukandamize kwa nguvu, sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka mashine au wahudumu wafike. Kila dakika inayopita bila kushtuliwa moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia saba hadi kumi.

Christian Eriksen wa Denmark alianguka hivyo hivyo Juni 12, 2021. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa moyo papo hapo uwanjani, na mwaka uliofuata alikuwa akicheza tena.

Mwaka huo huo wa 2021, Italia ilipitisha sheria ya kueneza mashine hizo katika maeneo ya umma. Timu yako huenda haina mashine, lakini mikono mnayo. Kabla ya mechi ijayo, jifunzeni kuitumia.