Mbwa Mkaidi Hufundishwa kwa Uvumilivu

Mbwa wa misitu ya Kongo, ajulikanaye Ulaya kwa jina la basenji, habweki kama wengine. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua aliko anapofukuza nyama kuelekea nyavuni. Mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa London, katika maonyesho ya Crufts, watu wakastaajabu.

Ana akili na mbio, lakini ni mkaidi. Msituni amezoea kuchagua njia mwenyewe. Ukimwita husikia vema, ila ni kama ajiulizaye kwanza: "Nitapata faida gani?"

Basi, fanyeni hivi. Anzeni angali mdogo. Samaki hukunjwa angali mbichi. Kabla ya somo mwacheni acheze, apunguze nguvu. Mfundisheni dakika 5 tu, mara 2 au 3 kwa siku. Baba, mama na watoto wamwite kwa neno moja, lile lile. Akija, apewe papo hapo kipande kidogo cha nyama.

Akichelewa kurudi, msimpige kamwe. Yeye haelewi kwamba anaadhibiwa kwa kukawia. Ajua tu kwamba alikuja, akapigwa. Kesho hatakuja, hata gari likiwa karibu kumkanyaga.

Wazazi, neno hili si la mbwa peke yake. Mtoto ajaye kusema kosa lake, akapokewa kwa fimbo, hujifunza kuficha. Baba wa mwana mpotevu alimkimbilia mwanawe, akamkumbatia.