Patasi, Tindo na Thamani ya Chombo

Wafasiri na watumishi wa Serikali hutuuliza mara kwa mara iwapo neno 'patasi' linatosha kwa kila chombo cha chuma chenye makali nchani kinachogongwa kwa nyundo. Jibu letu ni kwamba halitoshi, na kosa hilo hugharimu fedha.

Tuutazame mji mdogo wa Masumbwe, Wilaya ya Mbogwe, ambao zamani ulikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 umo katika Mkoa wa Geita. Hapo seremala hufanya kazi jirani na mchimbaji mdogo wa dhahabu. Seremala huchonga mbao za mninga kwa patasi: bapa lake ni jembamba, makali yamenolewa upande mmoja kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na hutiwa mpini. Mchimbaji huvunja mwamba kwa tindo, ambayo wachimbaji wengi huiita moko: ni pande la chuma lisilo na mpini, lenye ncha nene. Shule ya ufundi ikiletewa tindo badala ya patasi, vijana hawatajifunza useremala.

Hata patasi zenyewe hutofautiana. Juba ni nene, nayo hutobolea matundu ya kuungia mbao. Bobari ina makali ya mviringo, nayo hukombea.

Tatizo la pili ni neno 'bora'. Hati isemapo 'patasi bora' haimfungi muuzaji kwa lolote. Tunapendekeza sifa mbili zitenganishwe: 'ugumu', yaani uwezo wa kutobonyea wala kulika upesi, na 'ustahimilivu', yaani uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Katika mazungumzo ya kawaida zote mbili huitwa ugumu, lakini katika chuma hushindana. Pua yenye kaboni ya kutosha ikipashwa moto hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kisha ikatumbukizwa ghafla katika maji au mafuta, huwa ngumu sana lakini humeguka kama kioo. Ndipo hupashwa tena moto wa kadiri, nyuzi 200 na kitu, ili ipunguze ugumu kidogo na ipate ustahimilivu. Hatua ya kwanza tungependa iitwe 'kukaza', na ya pili 'kulegeza'. Tindo hulegezwa zaidi kuliko patasi, kwa kuwa mapigo yake ni mazito.

Elimu ya chuma si ngeni katika nchi hiyo. Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo walisifika tangu zamani kwa kuyeyusha chuma. Huenda maneno tunayoyatafuta yangalimo vinywani mwa wazee.

Tatu, 'bei' si 'thamani'. Tuchukulie patasi ya shilingi 10,000 inayodumu mwaka mmoja, na nyingine ya shilingi 30,000 inayodumu miaka sita. Ya kwanza hugharimu shilingi 10,000 kwa mwaka, ya pili 5,000 tu. Tena hatujahesabu saa ambazo fundi hupoteza akinoa makali yanayobutuka kila mara. Rangi ya mpini wala maneno yaliyopigwa chapa juu ya bapa hayathibitishi kwamba pua ilikazwa na kulegezwa ipasavyo. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo hati ya zabuni iseme waziwazi: 'patasi ya seremala, upana wa milimita 25, pua iliyokazwa na kulegezwa, ugumu wa 58 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell C, mpini wenye pete ya chuma'. Hapo mnunuzi ataweza kukikataa kisichofaa.

Tunawaomba walimu na wafasiri watuandikie majina ya zana yatumiwayo na mafundi wa kwao, pamoja na maelezo ya umbo na kazi yake. Istilahi isiyojulikana karakanani haitamsaidia fundi.