Safari ya siku moja katika nchi ya mvinyo usio na zabibu

UKIMWAMBIA mkazi wa Mombasa kwamba Jumamosi unakwenda kutembelea nchi ya mvinyo, bila shaka atataka kujua kama umeshapata viza ya Ufaransa au tikiti ya ndege ya Cape Town. Ukimjibu kwamba unapanda matatu ya Taveta, atacheka. Na ana haki ya kucheka, kwa maana Taita Taveta haisifiki kwa mashamba ya zabibu wala kwa viwanda vyenye mapipa ya mbao na mwenyeji wa kukukaribisha uonje. Lakini miwa ipo, ndizi zipo kedekede, na ufundi wa kuzigeuza kuwa kinywaji ulikuwapo tangu enzi za mababu. Kinachokosekana ni mlango wa mbele. Kinywaji chenyewe hupitia mlango wa uani.

Safari hii yafaa familia nzima, mradi kila mmoja ajue mahali pake. Sheria ya vinywaji vya kulevya ya mwaka 2010 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe wala kukaa inapouzwa. Hata hivyo mtoto ana mengi ya kuona shambani na sokoni. Naye msomaji asiyekunywa, na hao ni wengi katika pwani yetu, hatapungukiwa na kitu, kwani kinachotazamwa hapa ni kazi, si kilevi.

Anzia Voi alfajiri. Anayetoka Mombasa na apande treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017, alale Voi usiku wa Ijumaa, maana siku yenyewe ni ndefu. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na barabara ya kutoka Mwatate, ambayo zamani ilikuwa vumbi jekundu tupu, sasa ni ya lami.

Karibu na Mwatate utapita katikati ya mkonge uliopangwa mistari kama askari wa gwaride. Wengi wetu tukiuona huwaza kamba na magunia tu. Lakini huko Mexico binamu yake huchimbwa, moyo wake ukaokwa, ukakamuliwa na kuchachushwa hadi ikapatikana tekila inayouzwa dunia nzima. Sisemi kwamba wenye mashamba ya Mwatate nao wafanye hivyo. Nasema tu kwamba mmea si kitu bila ya mtu aliyekaa akaufikiria.

Mwatate ndipo inapochepuka njia ya kupanda Wundanyi. Mwenye gari lake na muda wa kutosha na apande. Mwingine atazame milima kutoka chini, ila ajue kilichoko huko. Katika mabonde ya milima ya Taita, pale penye vijito, Wataita wamepanda miwa tangu zamani, na miwa hiyo haikuwa ya kutafunwa na watoto tu. Ilikamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke, ikawa pombe ya wazee.

Pombe hiyo ilikuwa na kazi ambayo mlevi wa leo hawezi kuikisia. Wataita wana ibada iitwayo kutasa. Mzee hupiga funda la pombe ya miwa, au la maji ya miwa, au hata la maji matupu, kisha akalipuliza nje kama manyunyu, huku akitamka maneno ya baraka na ya kuondoa hasira moyoni. Waliamini kwamba hasira ya ndugu iliyofichwa kifuani yaweza kumletea mwenzake maradhi au mkosi, kwa hiyo lazima itolewe nje, na watu waione ikitoka. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi milimani humo mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikachapishwa mwaka 1978. Kwa maneno mengine, kibuyu cha pombe kilikuwa mahakama, hospitali na kanisa kwa pamoja. Tena kilichotemwa ndicho kilichokuwa na maana zaidi kuliko kilichomezwa.

Baada ya Bura, ambako Wakatoliki walifungua misheni mwaka 1892, milima inabaki nyuma na nyika inatanda. Toka Maktau unapita ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na si ajabu ndovu wakasimamisha matatu bila ya kuinua mkono. Watoto waambiwe watazame pia kilima kidogo cha Salaita kabla ya kufika Taveta. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na Februari 12, 1916, askari wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza walijaribu kukitwaa kilima hicho wakarudishwa nyuma kwa hasara. Reli inayotoka Voi hadi huku ni mtoto wa vita hivyo.

Halafu ghafla, baada ya ukavu wote huo, kijani. Mvua ya Taveta si nyingi. Maji yake hutoka chini ya ardhi, zawadi ya mlima Kilimanjaro, yakibubujika katika chemchemi kama zile za Njoro na kutiririka katika mto Lumi hadi ziwa Jipe. Penye mfereji pana migomba. Hatua chache tu kutoka hapo pana miiba. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika hapa, ikanunua chakula na kukusanya nguvu.

Shukia Bomeni, penye mji wenyewe, na uhakikishe ni Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Hapo ndipo utakapoielewa Taveta. Mikungu ya ndizi hufika kwa mikokoteni, kwa pikipiki, kwa vichwa vya akina mama, ikarundikwa hadi mtu hawezi kuona upande wa pili. Wanunuzi hutoka Mombasa na Nairobi, na wachuuzi huvuka kutoka Tanzania na mizigo yao. Kiswahili cha hapo ni cha pande mbili: utasikia mwingine akikuuliza bei kwa lafudhi ya Kichaga na mwingine akikujibu kwa ya Kikamba.

Simama kando utazame jinsi biashara inavyokwenda. Ndizi huuzwa mbichi, kwa mkungu, na mwenye lori ndiye mwenye nguvu, kwa sababu mkulima hawezi kurudi nyumbani na mzigo akangoja bei ipande. Mahindi yanangoja ghalani. Ndizi haingoji. Ikianza kugeuka manjano sokoni, bei yake inashuka saa kwa saa, na ikipata madoa meusi hakuna mwenye lori anayeitaka. Ajabu ni kwamba hiyo ndizi yenye madoa, iliyolainika na kujaa sukari, ndiyo hasa anayoitaka mtengenezaji wa mvinyo. Taka ya mmoja ni mali ya mwingine, lakini huyo mwingine hayupo sokoni Bomeni na mizani yake.

Yuko wapi? Vuka mpaka.

Kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kimerahisisha mambo, ila usije na kitambulisho peke yake ukadhani kitatosha. Beba pasi au hati ya muda ya kusafiria. Kutoka Holili utafika Himo, na kutoka Himo ukapanda Marangu, kwenye vihamba vya Wachaga, migomba ikiwa chini ya miti mikubwa, kahawa chini ya migomba, na maji ya mlimani yakipita katika mifereji waliyoichimba mababu. Hapa mgeni akiuliza habari za mbege, haulizi kwa kunong'ona.

Mbege si kazi ya saa moja. Ndizi mbivu humenywa zikachemshwa kwa saa nyingi hadi rangi ikawa nyekundu iliyoiva, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyangi. Kando yake, ulezi huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji huo ukishapoa, na magome ya mti wa msesewe hutiwa ili kuleta uchungu, kama vile watengenezaji bia wa Ulaya wanavyotia hopsi. Kesho yake mbege iko tayari, na keshokutwa inaanza kuharibika. Ni nzito, ya rangi ya udongo, tamu mwanzoni na chungu mwishoni, na punje za ulezi hubaki katikati ya meno. Mwenye kuzoea bia baridi ya chupa huenda asimalize kata ya kwanza. Mimi naona ni kinywaji cha mtu mwenye njaa zaidi kuliko cha mwenye kiu.

Nayo ina adabu zake. Posa haiendi bila mbege, harusi haiendi, na wazee wakikaa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, aliyekosa huamriwa kuleta mbege. Utakumbuka kutasa ya Wataita: vilima tofauti, mawazo yaleyale.

Kuna jambo jingine la kutazama upande huu. Huko Arusha, kampuni iitwayo Banana Investments ilianza mwaka 1993 kutengeneza kinywaji cha ndizi na kukitia ndani ya chupa yenye kizibo na lebo. Mojawapo ya vinywaji vyake huitwa Raha. Yaani ndizi ileile iliyokosa mnunuzi imepata kiwanda, mhasibu na mtoza kodi. Na mbali zaidi, Dodoma, katika nchi kavu kuliko Taveta, wakulima wamejifunza kwamba mzabibu wa nchi ya joto haulali kwa baridi kama wa Ulaya, bali huamshwa kwa kupogolewa, na hivyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Leo divai ya Dodoma iko katika maduka mengi ya Tanzania.

Kenya nayo haikulala kabisa. Kenya Wine Agencies, iliyoundwa mwaka 1969, iliwahi kutengeneza divai ya mapapai, na karibu na Naivasha zilipandwa zabibu zilizozaa divai ya Leleshwa. Lakini mama wa Taveta au wa Wundanyi anayepika pombe ya ndizi au ya miwa nyumbani kwake bado anatazama barabarani kila akisikia mlio wa gari. Sheria ya mwaka 2010 iliifuta ile ya kupiga marufuku chang'aa na kufungua njia ya leseni, lakini leseni inataka jengo, vipimo, chupa na ada, na mwenye sufuria mbili hana hayo. Kisha kila inapotokea maafa, kama ya Kirinyaga mwezi wa Februari 2024 ambapo zaidi ya watu kumi walikufa kwa kunywa pombe haramu, msako huanza nchi nzima na sufuria yake humwagwa pamoja na za wauaji. Mwenye kutia kemikali na mwenye kuchemsha ndizi huitwa jina moja katika taarifa ya polisi.

Hapana anayetaka vilabu vifunguliwe mlango kwa mlango na watoto wetu wakute vibuyu njiani wakitoka shuleni. Lakini mtu akisimama Bomeni saa nane mchana, malori yameshaondoka, na kuona ndizi zilizobaki zikipewa mbuzi, kisha akakumbuka chupa yenye lebo aliyoiona ng'ambo, hawezi kukosa kuuliza kaunti ina mpango gani.

Kwa watakaokwenda: upande wa Kenya baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwishoni mwa wiki, kwa hiyo usipange kuonja asubuhi. Dereva asionje kabisa, maana ndovu wa Tsavo hawana taa za nyuma. Maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi yanafaa kila mtu. Chupa utakayonunua ng'ambo ionyeshe forodhani. Rudi kutoka Marangu mapema, kwani matatu za Voi huwa chache jua likizama. Na mkungu wako wa ndizi uweke juu ya mizigo, usiufungie ndani ya buti. Joto la Maktau litauivisha kabla hujafika Mackinnon Road, na utaanza kutengeneza mvinyo bila leseni.