Mkono Ukipata pa Kuegemea

Mama mpendwa, je, mwanao anajua majibu darasani lakini kalamu inamshinda?

Sisi wauguzi tunaotembelea familia hapa Tunduma na Vwawa tunawakuta watoto wa namna hiyo. Wengi wana mtindio wa ubongo. Kwa mdomo hujibu vizuri, lakini daftari ni tupu. Nyumbani bado wanalishwa, nao wamekua. Mama naye haendi mpakani kuuza mchele wake kwa utulivu.

Tusiseme upesi kwamba mtoto huyo hawezi. Huenda kinachomshinda ni uzito wa mkono wenyewe. Bega dhaifu humaliza nguvu zote katika kuuinua, vidole visibakiwe na kitu. Kiegemeo cha mkono hubeba uzito huo, na nguvu kidogo iliyopo ikatosha kuandika au kupeleka kijiko kinywani.

Vipo viegemeo vya chuma na springi, vinavyofungwa kwenye meza au kiti cha magurudumu. Huko Marekani viliwasaidia waliopooza kwa polio katika karne iliyopita. Lakini sisi tunaweza kuanza na seremala wetu:

1. Kiti kiwe imara, na nyayo zikanyage sakafu au kisanduku.
2. Meza ikatwe nusu duara, mtoto aingie ndani, viwiko viegemee bila mabega kupanda.
3. Kalamu na kijiko vizungushiwe kitambaa ili vishikike.
4. Kila jioni tazama ngozi. Alama isiyoondoka kwa nusu saa inaonyesha kwamba kifaa kinambana.

Kwanza, mtoto aonwe hospitalini na mtaalamu wa viungo, maana kila mwili una kipimo chake. Mafundi wa vifaa hivi wapo nchini. Chuo cha TATCOT, pale KCMC Moshi, kinawafundisha tangu mwaka 1981. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake. Usisite kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu meza hiyo.

Siku za kwanza mtoto atamwaga uji. Tuvumilie, tusimnyang'anye kijiko. Na kanisani tusiishie kumwombea tu. Seremala wa usharika anazo mbao na msumeno, tumpe kazi.