Nastashiamu: Ua linalolipia maji yake bustanini

KATIKA mji wa Machakos, ambako kiangazi huwa kirefu na mtungi wa maji huwa na bei yake, mtu hapandi ua kabla ya kujiuliza litamfaa nini. Swali hilo ni halali. Nastashiamu ni miongoni mwa maua machache ya bustani yanayoweza kulijibu, kwa kuwa huliwa.

Asili ya mmea huu ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Majani yake ni mviringo, nayo maua huwa ya manjano, mekundu au ya rangi ya chungwa. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Carl Linnaeus, aliupa jina la kisayansi Tropaeolum akifikiria nguzo za ushindi za Warumi wa kale, zilizotundikwa silaha za maadui walioshindwa: jani alilifananisha na ngao, na ua kofia ya chuma. Jina nastashiamu lenyewe liliazimwa kutoka kwa mboga nyingine, imeayo majini, yenye ukali kama huo. Kwa Kilatini hufasiriwa kuwa kitu cha kukunja pua.

Ukali huo ndio faida yenyewe. Majani machanga yakikatwakatwa ndani ya kachumbari huipa ladha inayokaribia ya haradali, na yana vitamini C. Maua huliwa mabichi vilevile, ilhali mbegu zingali kijani huweza kuhifadhiwa ndani ya siki na chumvi. Hata hivyo, hiki ni kiungo tu. Mwenye kipande kidogo cha ardhi aanze na kunde na sukuma wiki, kisha aipe nastashiamu pembe iliyosalia.

Wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, kuliko masika. Kwa hivyo mbegu zitiwe ardhini vuli inapoanza na udongo umeshalowa. Ziloweke usiku kucha, kwani ganda lake ni gumu, kisha uzifukie kina cha sentimita 2 hivi, ukiacha nafasi ya sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Huota baada ya wiki 1 au 2. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, basi ni afadhali kuzipanda pale pale zitakapokua.

Wengi hukosea kwa ukarimu. Wanaujaza mmea huu samadi, unanawiri kwa majani mapana, na maua hayaonekani. Udongo hafifu usiotuamisha maji unautosha. Palipo na jua kali la alasiri, kivuli chepesi na matandazo ya nyasi kavu hupunguza kiu, na maji yaliyooshea mboga yanafaa kunyweshea. Aina itambaayo huvutia ikining'inia ukutani, lakini sishauri ipandwe kwenye kingo za matuta ya shamba. Nafasi hiyo ni ya nyasi zenye mizizi ya kushika udongo, ambazo ng'ombe pia hula.

Husemwa mara nyingi kwamba nastashiamu huikinga sukuma wiki dhidi ya vidukari. Ni kweli kwamba vidukari weusi huipenda mno na huweza kunaswa hapo. Lakini wale wa kijivu wanaoshambulia sukuma wiki ni aina nyingine, na hawataiacha kabichi kwa sababu ya ua. Isitoshe, mtego usiokaguliwa hugeuka kitalu cha wadudu: shina lililoshambuliwa likatwe na kuondolewa mara moja.

Kwa watakaoyala maua haya, tahadhari ni mbili. Mosi, yasinyunyiziwe dawa ya wadudu, na maua ya kupamba yanunuliwayo dukani yasiliwe kamwe. Pili, watoto waelezwe kwamba ni ua hili pekee lililoruhusiwa. Oleanda, ambayo hupandwa nyumbani kwa uzuri wake, ni sumu kali kuanzia jani hadi ua.

Mvua ikikatika, mmea hulegea, maua hupungua na mbegu hudondoka chini yake. Ziokote zikiwa zimekomaa, uzianike kivulini hadi zikauke kabisa, kisha uzitie katika bahasha ya karatasi na kuziweka mahali pakavu mpaka Oktoba.